Aliyetuma Chai

Sofia, 14 Mei 2000

Mdogo wangu Temenuga,

Mama alifika salama? Nasikia waya za simu za kijijini zimeibwa tena. Nadhani shaba yote ya wilaya yetu imeshauzwa ng'ambo. Basi tuandikiane, kama watu wa vitabuni mwako. Wewe utafurahi. Mimi mwandiko wangu unaujua, ni kama kuku amepita kwenye majivu.

Habari kubwa ni kwamba figo ya Mama inafanya kazi, mwezi wa tatu sasa. Nakojoa, Temenuga! Bi Penka, mwenye nyumba wangu, ameniuliza kwa nini naimba chooni. Nikamwambia, "Bi Penka, ungekaa miaka mitatu kwenye mashine ya kusafisha damu, na wewe ungeimba."

Uliniuliza kwa nini figo zangu mwenyewe zilikufa, kwa kuwa Mama hukatisha maneno kila ukimwuliza. Ilikuwa jeshini. Koo liliniuma wiki nzima na nikaona aibu kwenda kwa daktari kwa ajili ya koo. Koo likapona. Lakini kinga ya mwili iliyoamka kupigana na koo haikurudi kulala. Iliingia kwenye figo, ikashuku kitu huko, ikaanza kupiga. Figo zikavimba, presha ikafika mia mbili, uso wangu ukawa kama unga uliochachuka. Profesa wa hapa hospitalini huiita kinga hiyo askari. "Askari wako ni wengi na ni wajinga, Tsonev," ananiambia. Sasa askari haohao wanaiona figo ya Mama kama mvamizi. Ndiyo maana nameza siklosporini asubuhi na jioni, ili walale. Wakiamka, figo imekwenda. Kazi yangu duniani kwa sasa ni kubembeleza askari.

Jambo moja, na Mama asijue. Nimepona lakini sina raha. Juzi nililia sokoni mbele ya nyanya. Mwenye nyanya akadhani ni bei. Mama amekatwa ubavu mzima kwa ajili yangu, itakuwaje asikie kwamba nalia mbele ya nyanya?

Kaka yako,
Lyuben


Dolna Vrana, 25 Juni 2000

Kaka Lyuben,

Samahani kwa kuchelewa. Niliandika barua mbili nikazichana kwa sababu zilikuwa na maneno makubwa.

Mama hajambo. Habari ya nyanya sikumwambia. Nilimwambia Bibi Vela, lakini bila jina. Nilisema, "Bibi, mtu aliyepona akawa analia, anaumwa nini?" Bibi akasema, "Lyuben analia?" Kwa hiyo siri haikudumu, lakini haijafika kwa Mama.

Jana ilikuwa Enyovden, sikukuu yetu ya mimea ya dawa. Tulikwenda kuchuma majani kabla jua halijatoka, mimi na Bibi na wale vikongwe wote watatu wa mtaa wa juu. Nilichukua kitabu cha mimea cha maktaba ya shule ili nilinganishe. Bibi akanigombeza: "Unatazama nini humo, ua liko huku!" Nikasema nataka kuwa na hakika. Akasema, "Kitabu chako kimewahi kuumwa?" Vikongwe wakacheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye umande.

Unakumbuka Bibi anavyosema magonjwa ya dunia ni sabini na saba na nusu, na ile nusu haina jina? Nilifikiri ya kwako ndiyo hiyo nusu. Bibi akasema hapana, huzuni ina jina na ina ua lake, kantarion, lile la njano linaloacha wekundu kwenye vidole ukilifikicha. Akanishika mkono akanionyesha mahali pa kukata, ili shina lichipue tena. Nilichuma mimi mwenyewe, kwa ajili yako tu.

Nilitafuta katika vitabu viwili kama lina madhara. Kimoja ni cha mwaka 1961. Vyote vinasema linafaa kwa huzuni na kukosa usingizi, na kwamba ng'ombe weupe wakilila sana huungua na jua. Wewe si ng'ombe mweupe. Nakutumia mfuko wa mwaka jana uliokauka vizuri; huu mpya utafuata. Kijiko kimoja, maji ya moto, dakika kumi.

Usimwambie daktari. Bibi aliwahi kumwambia daktari wa mjini Vratsa kuhusu chai zake, akachekwa mbele ya wauguzi, na hajasahau. Ni chai tu.

Wako,
Temenuga


Sofia, 19 Julai 2000

Bi Maktaba,

Chai yako inapaka kikombe rangi ya kutu. Bi Penka kaionja, akasema ina ladha ya zizi. Nikamwambia ndiyo hasa, hiyo ni ladha ya kwetu.

Na inafanya kazi! Nalala kama gogo. Sokoni nanunua nyanya kama mtu mwenye akili zake, hata nimebishana na yule mwenye nyanya kuhusu mpira. Mwambie Bibi aandike kitabu chake, tutakichapisha na kuvitupa vyako. Mfuko umekaribia kwisha, ulete ule mpya.

Jana Profesa alinipigia kelele. Siklosporini imeshuka katika damu yangu.

"Tsonev, unaruka vidonge?"

"Siruki, Bwana Profesa."

"Damu haisemi uongo."

"Na mimi sisemi."

"Basi mmoja wenu anasema."

Wanafunzi wake wakacheka, hata mimi nikacheka. Ameniongezea dozi. Usihangaike. Kidonge sijawahi kuruka, hata siku ile basi liliharibika Botevgrad nilimeza kwa boza, ile togwa chachu, ya dereva.

Mama anafanya nini? Nasikia anapalilia. Alikatazwa kuinama. Mfiche jembe.

Lyuben


Dolna Vrana, 2 Agosti 2000

Kaka,

Nimefurahi sana. Nimekisoma kile kipande cha nyanya mara nyingi. Nakutumia mifuko miwili ili usikatizwe katikati.

Jembe nililificha kwenye banda la kuni. Mama akaazima la jirani.

Nimeanza kujisomea kemia ya mtihani wa kuingia chuo cha famasia. Ni mwaka kesho, lakini nasoma polepole. Mwalimu wa kemia anasema nina kichwa lakini sina sauti, na mfamasia lazima aongee na watu. Nafanya mazoezi ya kuongea na kuku. "Bibi, dawa hii ni mara mbili kwa siku." Kuku wanasikiliza kuliko darasa letu.

Lakini sielewi habari ya damu yako. Kama unameza, kwa nini inashuka? Una hakika hujasahau hata mara moja? Usikasirike, nauliza tu.

Temenuga


Sofia, 27 Agosti 2000

Temenuga,

Leo sina mzaha mwingi. Kreatinini, ile takataka ya damu ambayo figo inapaswa kuitoa, ilikuwa mia na kumi mwezi wa tano. Juzi ilikuwa mia mbili na arobaini. Presha mia na sabini. Soksi zinaacha mitaro miguuni.

Profesa haulizi tena, ameshaamua. Nilimwambia aje nyumbani ahesabu vidonge vyangu. Akasema wagonjwa hutupa vidonge chooni kabla ya kuhesabiwa, yeye hakuzaliwa jana. Nilitaka kumpiga. Kisha nikaona huenda nimerukwa na akili na kweli natupa vidonge bila kujua, kwa hiyo sasa nikimeza najiangalia kwenye kioo.

Chai nakunywa mara tatu kwa siku. Ndiyo kitu pekee kisichonigombeza.

Mama asijue bado.

L.


Dolna Vrana, 4 Septemba 2000

Kaka Lyuben,

Nimefikiri siku tatu kabla ya kuandika hii.

Nilimwuliza mwalimu wa kemia kama dawa iliyomezwa inaweza kupotea mwilini bila sababu. Akasema hakuna kitu kinachopotea bila sababu, mahali popote. Kwa hiyo, kama haimo kwenye damu, haikumezwa. Nimejaribu kutafuta njia nyingine ya kulieleza jambo hili na sikuipata.

Sijui kama ni uchovu au ni ile huzuni. Lakini nilikuwepo Mama alipotoka hospitali na wewe hukuwepo, ulikuwa bado kitandani. Alilala upande mmoja miezi miwili. Jana nilimwona anabeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kovu. Hajawahi kusema inauma. Ukitupa vidonge, unamtupa yeye.

Sijawahi kumwandikia mtu hivi. Mwambie Profesa ukweli, labda bado kuna muda.

Nimeweka mfuko mwingine wa chai, kwa sababu hata hivyo nakuonea huruma.

Temenuga


Sofia, hospitalini, 28 Septemba 2000

Temenuga mwanangu,

Naandika nimekaa koridoni. Msomee Bibi unayoona yanafaa, mengine acha.

Walimchoma kaka yako sindano pale ilipo figo yangu, wakatoa kipande. Daktari Milanova, msichana anayemsaidia Profesa, alinionyesha picha yake. Askari wamejaa kila mahali, nyama imevimba, damu haipiti. Walimpa dawa kali siku sita na haikusaidia.

Jana jioni Milanova alikaa naye peke yake muda mrefu. Leo asubuhi Profesa alikuja na wanafunzi. Akamwuliza mbele yangu, "Uliacha dawa?" Siku zote alikuwa anakataa mpaka anapiga kitanda ngumi. Leo alimtazama Milanova kwanza, kisha akageukia ukuta.

"Ndiyo. Niliacha."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi."

"Kwa nini?"

"Nilichoka."

Profesa akaandika.

Nilichoka, anasema. Mimi sikuchoka? Baba yenu alipokufa sikuchoka? Sikumpiga. Nilitoka nje nikasimama penye mapipa ya takataka.

Kesho wanaitoa. Nilimwuliza muuguzi kama naweza kurudishiwa figo yangu. Akadhani natania.

Mama yako,
Raina


Sofia, 20 Oktoba 2000

Temenuga,

Wameitoa. Niko tena kwenye mashine, siku tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Kiti changu cha zamani kimechukuliwa na mzee mmoja wa Pernik anayekoroma, nimepewa cha dirishani. Mama aliondoka bila kuniaga.

Barua yako ya Septemba niliisoma. Umeandika vizuri, hakuna sentensi hata moja isiyo na kitenzi. Una haki yote. Mimi ndiye niliyefanya, na sina la kusema zaidi.

Usitume chai tena. Ile mifuko imeingia unyevu, niliona ukungu. Iliyobaki nyumbani itupe yote, usimpe mtu yeyote, Bibi naye asiendelee kuinywa. Nisikilize katika hili hata kama umekasirika.

Soma kemia yako.

Lyuben


Sofia, 9 Desemba 2000

Temenuga,

Hujajibu barua tatu. Sawa. Sijui kama unazisoma au unaziweka tu. Ukiziweka, ziweke mahali pakavu.

Nasikia Mama amekwenda Ugiriki, Thesaloniki, kumlea mzee wa watu. Kwangu hajaandika. Mwambie asibebe huyo mzee peke yake, amsukume kwenye kiti chenye magurudumu. Usiseme ni mimi niliyesema.

Bado unaongea na kuku?

L.


Sofia, 11 Januari 2001

Kwa Bi Temenuga Tsoneva,

Hatujafahamiana. Mimi ni daktari msaidizi katika wadi alimokuwa kaka yako. Ninavunja ahadi niliyompa, na nimeomba ushauri kwa dhamiri yangu tu.

Mwezi Septemba niliona mfuko wa kantarion kwenye kabati lake la kitandani. Nilimwuliza anakunywa kiasi gani. Akasema mara tatu kwa siku tangu kiangazi. Nilimweleza jambo ambalo mimi mwenyewe nililisoma mwaka uleule katika jarida la nje, na ambalo wengi wetu hapa hatukulijua: ua hilo huliamsha ini livunje siklosporini upesi sana. Dawa inamezwa, lakini haikai kwenye damu. Kinga inaamka na kuishambulia figo.

Nilifikiri atafurahi kusikia kwamba hakurukwa na akili. Aliniuliza swali moja tu: kama mtu aliyemtumia atajulikana. Nikasema itabidi iandikwe. Asubuhi yake akakiri kuacha vidonge. Nilipompinga kwa Profesa, kaka yako aliniita mwongo mbele ya wote, akasema chai aliinunua sokoni na aliionja mara moja. Mimi ni mdogo katika wadi ile. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kunanisumbua.

Mfuko ule ulifungwa kwa karatasi za daftari la shule, zimejaa kanuni za kemia kwa mwandiko mzuri. Nadhani ni wewe.

Hukuweza kujua. Naomba uiamini sentensi hiyo kabla ya kusoma inayofuata. Kamati ya wanaongoja figo inakaa katikati ya Februari. Aliyeandikiwa kwamba aliacha dawa kwa hiari yake haingizwi kwenye orodha. Ushahidi wangu peke yangu hautoshi, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe anaukana. Ushahidi wa aliyetuma ungetosha.

Kwa heshima,
Dkt. Elka Milanova


Dolna Vrana, 16 Januari 2001

Kaka yangu,

Daktari Milanova ameniandikia. Usimkasirikie.

Nimetafuta nianzeje, sikupata. Nilikuandikia kwamba unamtupa Mama. Nilifunga bahasha ile kwa mkono huu, nikaweka na chai ndani. Barua zako zote sikuzijibu kwa sababu niliona nina haki. Niliona mimi ndiye mwema nyumbani.

Nilivisoma vitabu vyote viwili. Sijui kwa nini nakwambia tena hilo.

Kwa nini hukuniambia? Ungeniandikia mstari mmoja tu. Nisingekuchukia miezi minne.

Nitaiandikia kamati. Nitamwandikia na Mama.

Temenuga


Sofia, 21 Januari 2001

Temenuga, mpumbavu wangu mdogo,

Usimwandikie Mama. Nisikilize kwanza.

Mimi Mama amezoea kunikasirikia. Nilipokuwa na miaka tisa nilichoma ghala la majani makavu. Nimefeli hesabu, nimevunja dirisha la kanisa, nimepata ugonjwa kwa ajili ya koo. Nina uzoefu. Wewe hujawahi kukosea kitu, hujui inavyofanywa. Ungejua mwezi wa tisa usingeshika chupa ya dawa maisha yako yote, na mfamasia asiyeweza kushika chupa atakula nini? Nililala kitandani nikapiga hesabu: figo imeshakwenda, nikisema kweli hairudi, na nyumba ina mkosaji mmoja tayari. Wawili wa nini?

Na nilikasirika pia. Sitakudanganya. Siku mbili nilikukasirikia sana, wewe na Bibi na maua yenu. Kisha nikakumbuka kwamba ni mimi niliyekwambia habari ya nyanya. Ni mimi niliyeomba mfuko wa pili.

Kwa kamati andika ukitaka, sitakukana. Nimechoka kweli safari hii, na ningependa figo, siwezi kujifanya. Lakini Mama mwache. Asipojua, amepoteza mtoto mmoja kwa muda. Akijua, sina hakika.

Lyuben


Dolna Vrana, 25 Januari 2001

Mama,

Nakuandikia na niko peke yangu mezani. Bibi yuko kwa jirani. Tafadhali kaa kwanza.

Lyuben alinikataza nisikwambie. Sitamtii, kwa sababu wewe humwandikii, na humwandikii kwa sababu ya jambo ambalo hakulifanya. Hii ndiyo nakala ya nilichoiandikia kamati. Nimeiandika upya mara sita ili isiwe na neno la kujitetea:

"Naitwa Temenuga Tsoneva, nina miaka kumi na saba, mwanafunzi. Chai ya kantarion nilimtumia kaka yangu mimi, mara tatu, kuanzia tarehe 25 Juni 2000. Nilichuma mimi. Nilimwandikia asiwaambie madaktari. Kaka yangu hakuacha vidonge hata siku moja. Alisema aliacha ili mimi nisijulikane. Barua zake ninazo, nimeziambatisha."

Daktari Milanova anasema chai ile ilifanya dawa isikae kwenye damu. Ndiyo iliyoamsha askari.

Nilikuwa nataka asiwe analia. Alikuwa analia sokoni, Mama, na hakutaka ujue.

Figo yako niliiharibu mimi. Sijui namna nyingine ya kuandika hilo. Mwandikie Lyuben tafadhali, hata kama mimi hutaniandikia.

Temenuga


Sofia, 19 Februari 2001

Temenuga,

Barua yako ilichelewa njiani kwa ajili ya theluji. Ilinifikia Jumatatu ya wiki iliyopita, Jumanne nikapanda basi.

Kaka yako nilimkuta kwenye mashine. Miezi minne na nusu sikumwandikia neno. Nilikuwa nimepanga maneno tangu mpakani na yote yakanitoka. Nilisema, "Mjinga wewe." Akasema, "Mama, umekonda. Wagiriki hawakulishi?" Hakukuwa na kiti, nikakaa sakafuni nikamshika mguu, kwa kuwa mkono mmoja una mipira ya damu na mwingine alikuwa amefunika nao macho. Mzee wa Pernik aliacha kukoroma akatutazama. Tulikaa hivyo mpaka mashine ikamaliza.

Kamati imekaa. Profesa aliyafuta yale maneno kwa kalamu yake mwenyewe mbele yangu, akaandika mengine juu. Kisha akavua miwani akamwomba Lyuben radhi, na Lyuben akamwambia, "Si ulisema mmoja wetu anadanganya, mimi au damu? Hukuikumbuka chai." Jina lake limeingia kwenye orodha. Milanova hakunificha kitu: mwili wake umejifunza kuichukia nyama ya mtu mwingine kupitia figo yangu, na sasa itakuwa vigumu kupata nyingine inayomfaa. Wako wanaongoja miaka kumi. Wako wasiofika.

Uliniambia kweli, na mimi nakwambia kweli.

Nilipoisoma barua yako nilifurahi kwanza. Mwanangu hakunitupa. Nilifurahi nimesimama jikoni kwa watu, na kijiko cha yule mzee mkononi. Halafu nikaona aliyeandika ni nani.

Najua hukujua. Kila mtu hapa ananiambia, msichana hakujua, na mimi naitikia, hakujua. Lyuben ananiambia asubuhi na jioni, kama anameza dawa. Lakini nikiwa peke yangu naona mikono yako inakata yale maua, na mwili wangu unauma pale palipobaki patupu. Sijui kama itapita mwezi ujao au mwaka ujao. Usije Sofia kwa sasa. Barua hii usiijibu. Nitaandika mimi, nikiweza.

Mtihani ufanye. Hilo si ombi.

Na Bibi asijue kitu. Akiuliza kwa nini figo ilikufa, mwambie ni askari, hutakuwa umemdanganya. Ana miaka themanini na moja na yeye ndiye aliyekuonyesha ua. Hataweza. Wewe ni kijana, utabeba.

Mama